Mtelezaji Mwepesi Hahitaji Ski Nyepesi

Kwa miaka mingi ski za wanawake, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, zimeundwa kwa hesabu moja rahisi. Mwanamke wa wastani ana kilo chache kuliko mwanamume wa wastani, basi na ski yake ipunguzwe uzito. Bati la ndani litolewe au likatwe nusu, kiini kiwe cha mbao nyepesi, ncha na mkia vilegezwe. Hesabu hiyo ina ukweli kwa upande mmoja tu. Upande wake wa pili ndio unaowatesa wanawake wengi wanaopenda kuzunguka mlima wote, juu ya theluji ya kila aina, kwa siku moja.

Nazungumzia ski zinazouzwa kama za mlima mzima. Kiuno chake, yaani ile sehemu nyembamba chini ya buti, huwa kati ya milimita 80 na 100 hivi. Ziko katikati ya ski za kukata kona kwenye njia ngumu, ambazo kiuno chake mara nyingi hakifiki milimita 75, na zile za theluji ya unga zinazovuka milimita 105. Mwenye jozi moja tu ya ski kwa kawaida huwa nayo ya kundi hili, na kwa wanawake kundi hili ndilo lenye majina mengi zaidi dukani: Black Pearl ya Blizzard, Santa Ana ya Nordica, Secret ya Völkl, Mindbender ya K2, Kore ya Head, Ripstick ya Elan, Maven ya Atomic.

Msimamo wangu ni huu: kwenye theluji mchanganyiko, mtelezaji mwepesi anahitaji upana mdogo kuliko anaouziwa, na anahitaji ski iliyotulia kuliko anayopewa. Soko limekuwa likimpelekea kinyume chake, yaani pana na nyepesi.

Tuanze na theluji yenyewe, maana ndiyo inayoamua mengine yote.

Saa mbili asubuhi, njia iliyosawazishwa na mashine usiku ina mistari midogo iliyoganda kama vile imechorwa. Ukingo wa chuma ukipita juu yake husikika ukikwaruza, na mtetemo wake hupanda hadi kwenye meno. Saa nne, pembeni ya njia, kuna theluji mpya ya kufika kifundoni. Watelezaji kumi wa kwanza wanaifaidi, na kuanzia wa kumi na moja inakuwa kitu kingine kabisa. Imevurugwa. Fungu laini liko hapa, hatua mbili mbele kuna mfereji uliokwanguliwa hadi chini, kisha fungu jingine lililoshindiliwa na ski za watu. Mgongoni mwa kilima upepo umekandamiza juu ukatengeneza ukoko ambao unambeba mtu kwa hatua tatu halafu unakatika ghafla. Mchana, sehemu za chini zimelowa na kuwa rojorojo, zinaivuta ski nyuma kama vile zinaishika. Jua likienda, rojo hiyo hiyo inaganda na alama zote za siku nzima ndani yake.

Kwa takwimu, theluji mpya iliyo kavu huwa na kilo 50 hadi 100 katika mita moja ya ujazo. Ikishapitiwa na mashine inavuka kilo 400. Barafu tupu ni kilo 917. Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye njia kuingia pembeni na kurudi amebadilisha ardhi mara mbili ndani ya sekunde chache, na tofauti ya uzito wa ardhi hiyo inaweza kuwa mara tano au zaidi. Na milima nayo haifanani. Alta, mlima wa kutelezea katika jimbo la Utah, Marekani, hupata kwa wastani zaidi ya mita 13 za theluji kwa msimu, na sifa yake ni ukavu; ukiiyeyusha, maji yake ni kama asilimia 8 tu ya ujazo. Theluji inayoanguka Sierra Nevada upande wa California hutoka na unyevu wa Pasifiki moja kwa moja, na ni nzito kiasi kwamba wenyeji huiita saruji ya Sierra. Milima ya mashariki mwa Marekani ina siku nyingi za njia ngumu iliyoganda kuliko za unga. Mtu anaposema anataka ski ya theluji ya kila aina, swali la kwanza ni aina zipi, na kwa uwiano gani.

Sasa upana. Ski huelea kwa sababu uzito wa mtu umegawanywa juu ya eneo lake. Mchukue mwanamume wa kilo 80 akiwa na mavazi yote, amesimama juu ya ski za sentimita 182 zenye kiuno cha milimita 104. Mchukue mwanamke wa kilo 60 juu ya ski za sentimita 165 zenye kiuno cha milimita 88. Tukikadiria eneo kwa urefu mara upana wa kiuno, yule wa kwanza anaikandamiza theluji kwa gramu 21 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Yule wa pili naye, gramu 21 hivi. Wanaelea sawasawa. Ski ambayo mwenye duka anaiweka upande wa njia ngumu, kwa mwili wake mwanamke huyu, inafanya kazi ambayo mwanamume yule anaipata kwa ski inayokaribia zile za theluji ya unga.

Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu ncha na mkia ni pana kuliko kiuno na umbo la kila ski lina lake. Lakini hata ukiongeza upana wa kila ski kwa kiasi kilekile ili kupata wastani wake, mwanamke habaki nyuma. Ndiyo maana nashangaa kila ninaposoma ushauri unaomwambia mwanamke wa kilo 55 au 60 achukue milimita 98 au 102 kama ski yake ya kila siku, kwa hoja kwamba inaelea. Tayari alikuwa anaelea. Anachonunua kwa milimita zile kumi za ziada ni ucheleweshaji wa kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mzigo wa ziada kwenye goti, jambo nitakalolirudia.

Hapo ndipo wepesi wa mwili unapomsaidia. Penye mabonge, haumsaidii.

Bonge la theluji iliyovurugwa halijui aliye juu ya ski ana kilo ngapi. Lina uzito wake, limekaa mahali pake, na ncha ya ski inapoligonga kuna mambo mawili yanayoweza kutokea: bonge lisambae, au ncha irushwe pembeni. Kinachoamua ni mwendo, uzito wa ski pamoja na mwili unaoisukuma, na jinsi vifaa vilivyomo ndani ya ski vinavyoumeza mtetemo. Ngalawa tupu hurushwa na kila wimbi ambalo jahazi lenye shehena hulikata bila kuyumba. Mtelezaji mwepesi tayari ana shehena ndogo. Ukimpa na chombo chepesi, umemwondolea kile kidogo kilichokuwa kinamshikilia, na ndiyo maana wanawake wengi wazuri tu hukata tamaa mchana, pale njia zinapovurugika, wakidhani miguu yao ndiyo iliyochoka au ujuzi wao haujatosha. Mara nyingi ski ndiyo iliyoshindwa.

Bati linaloleta utulivu huo ni titanali, aloi ngumu ya alumini, karatasi yenye unene usiofika milimita moja, inayobandikwa juu na chini ya kiini cha mbao. Ukiikata ski ya aina hiyo kwa msumeno unaona tabaka zake zote: ganda la juu lenye picha, nyuzi za kioo ndani ya gundi ngumu, bati, mbao zilizounganishwa kwa vipande virefu (za miti kama mpopla, beech au paulonia kulingana na ski), bati tena, nyuzi tena, kingo za chuma, na chini kabisa plastiki nyeusi inayoteleza. Bati hufanya kazi tatu kwa pamoja. Linafanya ski iwe ngumu kupinda kwa urefu. Linaizuia isijisokote kama kitambaa kinachokamuliwa. Na linameza mtetemo.

Kwa mtu mwepesi, kazi ya kwanza kweli inafaa ipunguzwe. Ski isiyopinda chini ya uzito wake haitengenezi kona, itamchukua moja kwa moja anakoelekea. Hapa wabunifu wana hoja, na ndiyo ile nusu ya ukweli niliyoitaja. Lakini kazi ya pili na ya tatu hazipaswi kupungua kwa kiasi kilekile. Ncha inayojisokota kwenye barafu huachia ukingo, awe aliye juu yake ana kilo 55 au 95. Ukiondoa bati ili kupata ulaini wa kupinda, umeondoa vyote vitatu kwa mkupuo, na mtelezaji anapata ski inayokubali kona kwa urahisi saa tatu asubuhi na kumsaliti saa nane mchana.

Ufundi wa kutenganisha mambo haya upo. Ugumu wa kupinda unaweza kupunguzwa kwa kupunguza unene wa kiini, na bati likaachwa mahali pake, au likakatwa kwa umbo ili lishike zaidi kandokando na chini ya buti kuliko katikati ya ncha. Völkl wamefanya hivyo na Secret 96: kiuno ni milimita 96 sawa na Mantra, ambayo ndiyo ski yao inayojulikana zaidi ya mlima mzima, na fremu ya titanali ni ya muundo uleule, kilichobadilika ni kwamba saizi zinaanzia chini zaidi. Kwa maoni yangu huo ndio mfano wa kufuatwa, ingawa kwa mtu mwepesi kabisa ningetamani Secret nyembamba zaidi iwe ndiyo inayosifiwa kwanza.

Nordica walichukua njia nyingine. Enforcer, ski zao nyingine za mlima mzima, zilijengwa kwa mabati mawili. Santa Ana, ambazo ndizo zimekuwa zikiuzwa kwa wanawake kando ya Enforcer, zilipofanyiwa upya kwa msimu wa 2020/21 zilibeba bati moja, na bati hilo limekatwa kulingana na upana: ski nyembamba ina bati kubwa zaidi, na kadiri ski inavyopanuka bati linapungua. Wazo lao ni kwamba mwenye ski pana anakwenda kwenye theluji laini, na huko anataka wepesi. Kwa siku ya unga safi, nakubaliana nao. Kwa theluji mchanganyiko, sikubaliani, kwa sababu anayechukua milimita 98 kama ski yake pekee ataitumia saa nyingi zaidi kwenye unga uliokwisha kuvurugwa kuliko kwenye ule safi. Katika toleo hilo, Santa Ana ninayoipenda ni ile ya milimita 93, na sababu ni hiyohiyo: bati lake ni kubwa na kiuno chake ni kidogo. Nasema haya nikijua kwamba Santa Ana ni miongoni mwa ski zilizotulia kuliko nyingi za wanawake. Kama hata hizo zimepunguziwa bati, zilizo nyepesi zaidi yake zina kazi kubwa ya kujieleza.

Angalia upande wa mashindano, ambako hakuna anayebembelezwa na rangi. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka ski ya slalomu, yaani mbio za kona fupi kati ya milingoti, isipungue sentimita 155 kwa wanawake na 165 kwa wanaume. Katika slalomu kubwa ni 188 na 193, na nusukipenyo cha mkato wa ubavuni, yaani cha duara ambalo ubavu uliopinda wa ski ni kipande chake, kisipungue mita 30 kwa wote wawili. Katika mbio za kushuka moja kwa moja ni 210 na 218, nusukipenyo mita 50 kwa wote. Wanawake wanapewa ski fupi kidogo, basi. Ndani yake bati liko palepale, kwa sababu njia za mashindano hunyunyiziwa maji zigande na hakuna mtu mwenye akili atakayempeleka mwanamke huko na ski inayotetemeka. Mmarekani Lindsey Vonn alikwenda mbali zaidi akachagua ski za wanaume kabisa kwa mbio za kasi, na alikuwa juu yake aliposhinda dhahabu ya kushuka kwenye Olimpiki ya Vancouver, Februari 2010. Vonn ni mrefu, ana nguvu, na alijua anachotaka. Sidai kwamba kila mwanamke afanye hivyo. Ninachodai ni kwamba nguvu, uzito na mwendo ndivyo vilivyomchagulia ski.

Kuna waliopigania ski za wanawake kwa sababu njema, nao ni lazima wapewe haki yao. Jeannie Thoren wa Marekani alizunguka kwa miongo akifundisha kwamba vifaa vilivyoundwa kwa mwili wa mwanamume vinamrudisha mwanamke nyuma ya ski zake. Alitaka vifungio, yaani vishikizo vinavyoliunganisha buti na ski, visogezwe mbele, na visigino viinuliwe kidogo ndani ya buti, ili uzito wa mwili ufike kwenye ncha bila kulazimishwa. Wakati huo viwanda vingi vilikuwa vikichukua ski ya mwanamume, vikaifupisha, vikaipaka maua na kuiita ya mwanamke. Bila kelele za watu kama yeye, tusingekuwa na ski zilizoundwa upya kuanzia kwenye kiini. Tofauti ya kitovu cha uzito kati ya wanawake na wanaume ni ndogo kwa wastani, asilimia moja au mbili ya urefu wa mtu, na leo mahali pa kufungia vifungio hutofautiana zaidi kati ya kampuni na kampuni kuliko kati ya jinsia na jinsia. Ila alichokisema kuhusu kurudi nyuma bado ni kweli, na kitanirudisha kwenye goti.

Kwanza urefu, kwa sababu hapa ndipo ski za wanawake zilipoleta faida isiyobishaniwa.

Ukitafuta ski ya mlima mzima isiyo na jina la jinsia, mara nyingi saizi yake ndogo kabisa iko karibu na sentimita 165 au 170. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 158 hana pa kuanzia. Ski za wanawake huanzia karibu 150, wakati mwingine chini ya hapo. Na kuifanya ski ya sentimita 150 iwe nzuri si suala la kuikata ile ya 180. Fimbo fupi ni ngumu kupinda kuliko ndefu ya unene uleule, na anayeitumia kwa kawaida ni mwepesi zaidi, kwa hiyo ski fupi iliyokatwa tu inakuwa ubao. Blizzard walilishughulikia hili vizuri walipoleta kiini wanachokiita TrueBlend kwenye Black Pearl msimu wa 2020/21: kila urefu una mpangilio wake wa mbao nzito na nyepesi, ili mwenye 153 na mwenye 171 wapate tabia moja miguuni. Huo ndio uhandisi wa kweli kwa ajili ya wanawake. Ukimuuliza muuzaji swali moja tu, muulize kama kiini kimepangwa upya kwa kila urefu.

Pamoja na faida hiyo, wanawake wengi bado huuziwa ski fupi mno. Muuzaji humtazama mteja, akagusa kidevu chake kwa mkono, akasema ichukue ya hapa, itageuka kwa urahisi. Itageuka, ndiyo. Lakini ski za siku hizi ncha zake zimenyanyuliwa, na mara nyingi mkia pia. Umbo hilo lilitokana na majaribio ya theluji ya unga mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtelezaji Shane McConkey akiwa mbele ya wote, kisha likaingia kwenye ski za kila siku. Kwenye njia ngumu sehemu iliyonyanyuliwa haigusi chini. Ski iliyoandikwa 160 inaweza kuwa inashika kama vile ina urefu wa 140 au chini ya hapo. Anayeteleza kwa ujuzi wa kati na kuendelea asiogope ski inayofika kati ya pua na paji la uso, na mwenye mwendo wa kasi afike usawa wa kichwa. Urefu huo wa ziada ndio utakaoziba shimo kati ya bonge na bonge.

Sasa goti. Tafiti za ajali zimekuwa zikionyesha kwa muda mrefu kwamba wanawake wanaoteleza kwa burudani hukatika ligamenti ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Sababu zake ni nyingi, kuanzia umbo la mifupa hadi nguvu za misuli, na ski haiwezi kubebeshwa lawama yote. Lakini kuna namna moja ya kuumia ambayo kila mtelezaji anapaswa kuifahamu: mtu amekaa nyuma, nyonga zimeshuka chini ya magoti, uzito wote uko kwenye ukingo wa ndani wa ski ya upande wa bonde, na mkia wa ski hiyo unageuka kuwa wenzo unaolisokota goti. Ski inayorushwarushwa na mabonge humfanya mtu akae nyuma. Ni jambo la silika. Ncha ikianza kupiga, mwili unakwepa. Kwa hiyo ninapodai utulivu kwenye ncha sidai anasa ya wanaokwenda kasi.

Upana nao uko hapohapo. Kwenye theluji ngumu mtu husimama juu ya ukingo, si juu ya ski. Ukingo wa ski yenye kiuno cha milimita 70 uko milimita 35 kutoka katikati ya mguu. Wa ski yenye milimita 100 uko 50. Hiyo ni karibu nusu ya umbali wa awali imeongezwa kwenye wenzo unaosukuma kifundo na goti kila kona, kwa siku nzima. Watafiti wa Slovenia walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayoonyesha kwamba upana wa kiuno hubadilisha namna goti linavyojizungusha ndani ya kona. Na wakati jambo hili linajulikana, jedwali la kimataifa linalotumika kurekebisha nguvu ambayo vifungio huliachia buti mtu anapoanguka bado linauliza uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mtelezaji. Jinsia haimo. Haimo kwenye jambo la usalama, na iko kubwa kwenye rangi ya ganda la juu.

Najua pingamizi litakalokuja: ski yenye bati ni nzito, inachosha, na mwanamke anayeteleza polepole haoni faida yake. Ni pingamizi la haki. Anayejifunza, au anayependa mwendo wa taratibu kwenye njia pana siku ya jua, achukue ski laini isiyo na bati na asiruhusu mtu amwambie vinginevyo. Anayepanda mlima kwa miguu yake kabla ya kushuka ana hesabu tofauti kabisa, kila gramu anaibeba mwenyewe. Lakini kwa anayepanda kwa lifti na kushuka kwenye theluji yoyote atakayoikuta, jawabu liko ndani ya hoja yenyewe. Punguza upana, na uzito uliookolewa hapo utumie kununua bati. Ski ya milimita 88 yenye titanali mara nyingi haiizidi sana kwa uzito ile ya milimita 98 isiyo nayo. Zote ziko karibu na kilo moja na nusu hadi moja na gramu mia nane kwa kila ski. Mkononi utaziona zinafanana. Kwenye mabonge ya saa nane mchana hazifanani hata kidogo.

Kuna mambo mawili ambayo yanaharibu majaribio ya watu wengi. Buti lisiloshika kisigino hufanya ski yoyote ionekane legevu. Na kingo butu hufanya ski yoyote ionekane haiwezi barafu. Ski za kukodi hasa, ambazo zimepita kwenye mawe wiki nzima. Kabla ya kuihukumu ski, pitisha ukucha juu ya ukingo wake. Usipouchuna ukucha, ipeleke inolewe kwanza, kisha uijaribu tena.

Na mahali pa kuijaribu si kwenye njia laini ya asubuhi. Pale kila ski ni nzuri. Ichukue baada ya saa saba, njia ikiwa imevurugika, uteremke na ya milimita 88 yenye bati na ya milimita 98 isiyo nalo, njia ileile, moja baada ya nyingine. Usiangalie jinsi zinavyogeuka. Angalia ncha wakati unapovuka fungu lililoshindiliwa kwa mwendo wako wa kawaida, usikilize nyayo, uone kama magoti yako yanabaki mbele au yanaanza kurudi nyuma yenyewe.

Kwa watengenezaji nina ombi moja. Mashine za kupima ugumu wa ski zipo, na tayari kuna wanaozitumia kulinganisha mamia ya ski. Wachapishe takwimu tatu kwa kila urefu: uzito, ugumu wa kupinda, na ugumu wa kujisokota. Upana na nusukipenyo wamekuwa wakivichapa juu ya ganda kwa miongo. Wakiongeza hizi, mwanamke wa kilo 58 na mwanamume wa kilo 58 wataweza kusimama mbele ya rafu moja wakachagua kwa vigezo vilevile, na mwanamke wa kilo 85 anayekwenda kasi hatalazimika kubahatisha kama ski yenye jina la kike itamhimili.